Mke wa Mheshimiwa Aliyeitwa Kichaa

"Mama, tunataka tu uthibitishe. Ni kweli unatumia dawa za ugonjwa wa akili?"

Mwandishi wa habari aliuliza hivyo kwenye simu, hata salamu hakutoa. Mke wa mbunge alikuwa jikoni, mwiko mkononi. Akazima jiko kwanza.

"Nani kakwambia?"

"Mji mzima unasema. Wanasema ndiyo maana uliachishwa ukunga."

"Niliacha ukunga kwa sababu mume wangu aliniomba," akajibu, akakata simu.

Watu walimwita Mkunga hata baada ya kuacha kazi. Miaka kumi na minne alikuwa amezalisha wanawake wa mji ule, na mumewe alipogombea ubunge mara ya kwanza, hana jina wala mvuto, akina mama walimpa kura kwa heshima ya mkewe. Alipoapishwa tu akamwambia, "Mke wa mheshimiwa hawezi kushinda na damu mikononi." Mkunga akavua sare. Ukipenda, chongo utaita kengeza. Yeye ubinafsi ule aliuita wivu wa mapenzi.

Sasa uchaguzi wa pili ulikuwa umebaki mwezi mmoja, na uvumi umezagaa: eti analala sakafuni, eti anaongea na kuta, eti anamrushia mumewe sahani. Sokoni wauzaji walimsemesha taratibu, kama wanavyosemeshwa wagonjwa.

Mheshimiwa alitoka chumbani akifunga tai. Mkunga akamweleza habari ya ile simu.

"Usiwajibu. Watachoka wenyewe."

"Ni jina langu linalochafuka."

"Mke wa kiongozi ana masikio, mke wangu. Mdomo niachie mimi."

Akambusu kipajini, akaondoka.

Saa nne asubuhi hiyohiyo wifi yake, dada mdogo wa Mheshimiwa, aliingia kwa mlango wa uani. Alikaribishwa kiti, akakataa.

"Wifi, nitakusikilizisha kitu. Ukitaka kunichukia baadaye, nichukie."

Akabonyeza simu. Ikatoka sauti ya Mheshimiwa, tulivu kabisa:

"Dada, waambie wanawake wa kikundi chako waendelee na ile habari ya wazimu. Wasitie chumvi sana, wamwonee huruma tu. Nikishapita nitamwacha, na watu watasema maskini, kavumilia mengi. Binti wa mwenyekiti wa chama hawezi kunisubiri mwaka mwingine."

Mkunga akaomba arudiwe. Akaomba tena. Mara ya tatu hakuwa anasikiliza maneno. Alisikiliza ule utulivu. Ndiyo sauti ambayo mumewe huitumia kumwagiza fundi bomba.

"Kwa nini umeniletea? Yule ni damu yako."

"Ni damu yangu. Lakini mwanangu alitoka kitovu kimemzonga shingoni, ukampulizia pumzi mpaka akalia. Na mimi wiki mbili hizi nimekuwa nikikuita kichaa. Chakula hakinishuki, wifi."

"Nitumie huo ujumbe."

"Utamfanya nini?"

"Uchungu hauharakishwi. Unasubiri njia ifunguke."

Siku tatu alimpikia mumewe, akampigia pasi mashati, akacheka penye kuchekesha. Ijumaa mchana ukaingia ujumbe kwenye simu yake:

"Kesho mkutano wa wanawake. Kaa karibu yangu. Usijipambe sana, na usiongee."

Akaandika: "Sawa mume wangu."

Ukumbi ulijaa mpaka milangoni. Mwenyekiti wa chama alikaa mstari wa mbele na binti yake, msichana mwenye miwani, kitabu cha kumbukumbu mapajani. Mheshimiwa akapanda jukwaani, akaongelea barabara, akaongelea maji, kisha akashusha sauti.

"Akina mama, mnajua mke wangu haumwi malaria. Sisemi zaidi. Lakini mtu asiyemtupa mgonjwa wake, atawatupa ninyi?"

Wanawake wakaguna kwa huruma. Mkunga akainuka.

"Mume wangu, naomba niwasalimie."

Mbele ya macho mia nne angemnyima vipi? Akampa kipaza sauti, akamnong'oneza, "Fupi."

"Mimi ndiye yule kichaa mnayesimuliwa," Mkunga akasema. "Wengi humu nawajua kwa vilio. Mlinitukana leba, mkanishukuru baadaye, sina kinyongo. Leo sina hotuba. Nimewaletea daktari aliyenipima."

Akaweka simu kwenye kipaza sauti.

Ujumbe ulisikika wote, mpaka pale pa binti wa mwenyekiti. Mheshimiwa akanyoosha mkono ainyakue simu. Mama mmoja muuza vitambaa, mnene, akapanda ngazi na kusimama katikati yao.

"Mwache amalize, Mheshimiwa. Wewe tumekusikiliza miaka mitano."

Yule binti alikuwa amesimama, uso umemsawijika.

"Baba, aliniambia wameachana tangu mwaka jana."

Mwenyekiti hakumtazama mbunge wake. Alimshika binti mkono, wakatoka, na nyuma yao viti vikaanza kusogezwa, safu moja, kisha nyingine.

"Umeniua," Mheshimiwa akasema kwa sauti ya chini.

"Hapana. Nimekutoa nje tu, watu wakuone ulivyo."

Kabla ya wiki kwisha chama kilifuta jina lake. Mkunga alihamia kwa dada yake, akafungua kesi ya talaka, akaomba kazi yake ya zamani. Alilia pia, tena sana, maana alikuwa amempenda yule mtu. Lakini kila alipokumbuka ule uso wa mumewe jukwaani, moyo wake ulishiba, na hakuona haya kushiba.

Miezi miwili baadaye, akiwa amesharudi kazini, alimkuta Mheshimiwa kwenye benchi nje ya wodi ya wazazi, amekonda, shati halijapigwa pasi.

"Chama kinaweza kunirudisha uchaguzi ujao," alisema. "Ukiondoa kesi, na useme hadharani umenisamehe."

"Umekuja kuomba msamaha au kuomba kura?"

Akajaribu kunyoosha mikunjo ya shati.

"Vyote viwili."

"Angalau leo hukudanganya. Kura sina. Msamaha haujaiva."

"Utaiva lini?"

"Sijui. Siuchungulii."

Muuguzi akachungulia mlangoni. "Mkunga, mama wa kitanda cha tatu anakuita."

Akaanza kuvaa glavu. Mheshimiwa akanyanyuka, akamfuata hatua mbili.

"Na mimi je?"

"Mwanamume huingia humu akiwa na mke ndani," Mkunga akasema. "Wewe huna."

Akaingia, akavuta pazia.