Mdomo wa Waya Uliozibwa

Maiti ya Mzee Shaba ilikuwa imelala chali katika chumba cha umeme, chini kabisa ya jengo la maduka, koleo bado mkononi. Vidole viwili vya mkono wa kulia vilikuwa vimeungua. Nje ya mlango, ukutani kwenye korido, kufuli la kuzuia swichi kuu isiwashwe lilining'inia wazi. Msimamizi wa jengo ndiye aliyeikuta swichi imewashwa, akaizima kwa mpini wa ufagio.

"Ajali, afande," alisema koplo. "Mzee amesahau kuifunga."

Inspekta akainama kuvitazama vidole vile. Kituoni walimwita Mama Polepole, na si kwa kumsifu. Mkuu wake alitaka jalada lifungwe kabla ya jioni, lakini mama huyu alikuwa na ugonjwa wa kutoamini jambo lililonyooka kupita kiasi. Hapa kila kitu kilikuwa kimenyooka.

Binti wa marehemu alikaa kwenye ngazi, khanga yake imelowa machozi. Alikwishasikia kwamba wataandika uzembe.

"Andikeni chochote, si hicho," alisema. "Baba akibadilisha balbu alizima nyumba nzima. Tulikaa gizani tukimcheka. Mkiandika alisahau, mtakuwa mmemuua mara ya pili."

Maneno hayo yalimwingia Inspekta. Akarudi chumbani kutazama upya.

Jengo lilikuwa la zamani, na nyaya zake za zamani vilevile: mirija ya shaba, ndani yake nyuzi zilizoshindiliwa unga mweupe mkavu mahali ambapo siku hizi huwekwa plastiki. Marehemu alipata jina lake kwa kuzijua nyaya hizo. Asubuhi hiyo alikuwa amekuja kuzikagua na kuzipima akiwa na mkwewe, mume wa binti yule, fundi aliyemfundisha yeye mwenyewe.

Mrija mmoja ulikuwa umekatwa. Unga wake ulikuwa umemwagika sakafuni na kwenye vidole vya marehemu. Lakini mdomo wa mrija, pamoja na nyuzi zilizochomoza, ulikuwa umezungushiwa utepe mweusi, ukakazwa vizuri kama kidonda kilichofungwa na muuguzi.

"Ubandue huo utepe," Inspekta alimwambia mtaalamu wa maabara. "Taratibu."

Mtaalamu akaubandua kwa kibanio. Chini yake, kwenye uzi wa shaba, ilikuwa imegandia ngozi ya mtu iliyoungua.

Koplo alikohoa. Neno ajali hakulirudia tena.

Msimamizi aliitwa. Alikuwa mtu wa maneno mengi, na alianza na historia ya jengo tangu msingi. Inspekta akamvumilia mpaka akafika penye faida. Wapangaji wote walijua umeme umezimwa kwa ajili ya ukaguzi. Ghafla taa zikawaka. Zikazimika. Baada ya kitambo zikawaka tena, naye akashuka kuuliza kama mafundi wamemaliza. Akamkuta mzee sakafuni, akasimama mlangoni hadi polisi walipofika. Hakuna aliyeingia.

Maiti haizimi swichi na kuiwasha tena, Inspekta aliwaza.

Mkwe alihojiwa katika ofisi ya msimamizi. Macho yalikuwa mekundu, sauti imetulia.

"Ulikuwa wapi?"

"Ghorofa ya juu, afande. Nilikuwa nafungua maboksi ya kuungia nyaya."

"Hukushuka?"

"Sikushuka. Hata maiti nimeiona mlipoitoa."

"Kufuli lina funguo mbili. Mmoja tumeukuta mfukoni mwa mzee. Wako?"

"Nilimwachia kwenye sanduku la vifaa."

Jibu lilikuja upesi mno. Inspekta akaliacha lipite, akajifanya mshamba wa umeme, akaomba aelimishwe: ule unga mweupe una kazi gani? Mkwe akalegea mabega, kwa kuwa kazi yake aliipenda. Akaeleza kuwa unga hutenganisha nyuzi na hauungui hata moto ukiwaka. Udhaifu wake ni mmoja tu: hunywa unyevu wa hewani kama chumvi, na ukilowa, umeme huvuja.

"Kwa hiyo fundi akikata waya?"

"Anauziba mdomo papo hapo. Hata akiitwa nje kidogo, anaziba kwanza. Baba alikuwa akitupiga konzi tukisahau."

"Msimamizi angejua hilo?"

"Yule? Angejulia wapi."

"Mzee aliungulia kwenye mdomo ule, mwanangu. Ngozi yake tumeikuta chini ya utepe. Nani aliuziba?"

Mkwe akaitazama mikono yake. Mazoea yana taabu, na yake yalikuwa yamemshitaki. Aliikunja mikono, akaikunjua, kisha akaanza kulia.

Mwaka uliopita alitumwa peke yake kulipima jengo hili. Miongoni mwa nyaya, kadhaa zilikuwa zimelowa midomoni. Ilimpasa akate sehemu mbovu na kuziba upya, kazi ya kuchosha. Yeye akapitisha moto juu juu kukausha unyevu, kipimo kikasoma vizuri, akasema jengo ni salama. Leo mzee alikata, akaona masizi kwenye shaba na unyevu ulioingia ndani zaidi. Madukani juu yao washonaji walikuwa na pasi zao, na watoto wao chini ya meza; umeme ukivuja, hao ndio wangeungua.

"Akaniambia, kesho utakwenda kusema mwenyewe, au nitasema mimi. Wangeninyang'anya leseni. Nikampigia magoti. Akanigeuzia mgongo, akaendelea na kazi. Nikatoka, nikafungua kufuli, nikawasha."

"Halafu?"

"Nikazima, nikaingia kumwangalia. Alikuwa ameshakata roho. Nikaona mdomo uko wazi." Akapangusa uso kwa kiganja. "Kuuziba sikumbuki, afande. Nakumbuka kuwasha tena tu, ionekane kasahau."

"Ungeuacha wazi," alisema Inspekta, "leo ningeandika ajali."

Koplo akatoa pingu. Inspekta akapanda ngazi polepole kuliko siku zote, akaketi kando ya binti.

"Baba yako hakusahau," alimwambia. "Alifunga kufuli."

Binti akafunika uso kwa khanga, akashukuru tena na tena. Kisha akainua kichwa, akapangusa macho.

"Na mume wangu, mmeshamwambia? Amejilaumu tangu asubuhi. Atafarijika."