Jino Nisiloliyeyusha

Kinyozi hajinyoi, nilijua. Lakini mimi fundi meno, kwa tamaa yangu, nilijitia jino mwenyewe.

Jioni hiyo nilikuwa nafunga karakana. Akaingia mama mmoja nisiyemjua, mkono wa kulia ameuficha ndani ya mtandio. Akaweka mezani jino la dhahabu. Lilikuwa la marehemu mumewe, alisema, na hakutaka hata senti.

"Liyeyushe kwanza," akanong'ona. "Usilivae lilivyo."

Mafundi tuna mwiko huo: dhahabu ya kinywa cha mtu haivaliwi kabla ya kupita motoni. Miaka yote niliushika. Lakini nilipolijaribu kwenye kisiki cha gego langu, likakaa kana kwamba nilipimiwa mimi. Moto wa nini tena? Nikaligandisha kwa saruji ya meno, nikaenda zangu nyumbani.

Njiani nikafumba kinywa... tsss!

Gego la juu yake nililiziba zamani kwa madini ya fedha. Metali mbili tofauti zikikutana kwenye mate huzaa umeme mdogo. Wateja wakilalamika huwa nawatania. Ulimi ukawa mchachu kama nimelamba betri. Nikajicheka.

Mezani, wali haukuwa na ladha. Mchuzi, maji matupu. Nikalamba chumvi kiganjani. Hamna kitu.

Mke wangu ni fundi cherehani, vidole vyake ndivyo vinavyotulisha zaidi ya meno yangu. Sindano ilikuwa imemchoma kidole cha shahada. Tone moja tu la damu. Nikaisikia harufu yake kutoka ng'ambo ya meza, mate yakanijaa.

"Fungua nilione hilo jino," akasema, akanipapasa ufizi kama mtoto anayeota meno.

Nilitaka kumwambia atoe mkono.

Taya likafunga.

Sikulifunga mimi. Naapa. Mfupa ukalia. Alinipiga kwa ngumi, kwa sahani, machozi yananitoka na meno yanazidi kukaza. Alipochomoka, kidole kilibaki kwangu.

Kilikuwa kitamu. Mungu anisamehe, sijawahi kula kitu kitamu vile.

Nilipomfikisha hospitali nilikimbilia karakana. Nikaling'oa kwa koleo, bila ganzi, na kisiki chake na kipande cha ufizi. Nikaliyeyusha mpaka likawa tone.

Kesho yake jioni yule mama akarudi. Akatazama shavu langu lililovimba, akajua. Nikamwambia yamekwisha, nimeshalitoa.

Akafunua mtandio. Mkononi mwake kilibaki kidole gumba peke yake.

"Mume wangu naye alilitoa," akanong'ona. "Baada ya kidole cha kwanza."

Mke wangu amenisamehe. Anajifunza kushona kwa vidole tisa, na ndiyo maana sindano inamchoma mara kwa mara. Nampenda. Nimemwomba aende kwa dada yake, akacheka, akasema haniachi na jeraha.

Sasa hivi yuko chumba cha pili. Cherehani imesimama. Nimemsikia akisema, "Aah," taratibu, kama mtu aliyechomwa.

Kwenye pengo langu, ambako hakuna metali yoyote...

Tsss.