Kliniki ya Jumamosi

—Leo nakusindikiza kliniki, mke wangu. Nimeshavaa.

Kliniki ipi? Mimi presha sina, wala sijawahi kuwa nayo. Miezi minne kila Jumamosi nilikuwa naenda karakana ya seremala, nyuma ya kituo cha mafuta, kujifunza kupiga randa na kuunga mbao. Na leo saa nne ndiyo nilikuwa nafanya mtihani: utengeneze droo peke yako, iingie na kutoka bila kukwama. Ukiikosa siku hiyo, mpaka mwakani.

Uongo wenyewe sikuupanga, jamani. Nilianza kwa kumwomba mume wangu ruhusa. Akacheka mbele ya dada yake, akasema samaki mkunje angali mbichi, na mimi kwa miaka hamsini na tatu nimeshakauka. Wifi naye akacheka mpaka akashika mbavu. Basi nikaugua presha.

Kumbe najitia kitanzi mwenyewe. Mume wangu aliondoa chumvi nyumbani, tukawa tunakula chapwa wote wawili. Akanikataza kuinua hata ndoo. Akamleta wifi ahamie kwetu anichunge. Kila alivyozidi kunipenda ndivyo nilivyozidi kubanwa. Nikikohoa chooni, mlango unagongwa.

Simu yangu ikalia mezani. Akaiwahi yeye, akasoma kwa sauti:

"Mama, leo usichelewe. Nakusubiri."

Akakaa kitini taratibu.

—Nani anakusubiri?

Ningeweza kusema daktari, ulimi ulishazoea. Lakini nilimwona anaurudia kuusoma ujumbe ule, nikaona aibu.

—Fundi seremala, yule wa nyuma ya kituo cha mafuta. Ananifundisha kazi. Presha sina, baba watoto.

Wifi akaacha kufagia.

—Miezi minne, akasema mume wangu. Usiku silali, nasikiliza kama bado unapumua. Nilishajiona mgane.

—Nisamehe. Nimekukosea, najua. Lakini nilikuomba, ukanicheka. Ningerudi kukuomba tena, ungenijibu nini?

Wifi akadakia eti mwanamke muongo hafugiki, kaka yake akamwambia anyamaze, kisha yeye mwenyewe akaingia chumbani na kufunga mlango. Nikabeba mkoba wangu nikaondoka peke yangu, nalia njia nzima, watu wananitazama.

Karakanani nilipima, nikakata, nikaunga. Droo ikakwama. Nilitamani ardhi ipasuke. Nikaitoa, nikapiga randa upande mmoja kidogo tu, nikairudisha. Fundi akaivuta kwa kidole kimoja, ikatoka. Akaisukuma, ikaingia kimya. Akanipa mkono, akasema kuanzia leo na mimi niitwe fundi.

Halafu akageukia mlangoni. Kuna mzee alikuwa amesimama pale muda mrefu, jasho linamtoka, kofia mkononi. Fundi akamwuliza anataka kutengenezewa nini.

—Sitengenezewi kitu, akasema mume wangu. Mimi ni mume wa fundi.