Makaa na Kiyoyozi Chumba Kimoja

Joto la Februari pale Bagamoyo halina adabu. Linaingia ndani bila hodi, linakaa mpaka magharibi. Na Nadhira hakuwa na pa kukimbilia. Alikuwa amejifungua mtoto wake wa kwanza, yuko kwa mama yake, Bi Zeyana, na arobaini haijaisha. Mzazi hatoki nje. Hata dirisha halifunguliwi, upepo usije ukamwingia.

Mumewe, Mazin, alimwonea huruma. Akanunua kiyoyozi, kikafungwa chumbani. Bi Zeyana alifurahi, lakini mila yake hakuiacha. Kila siku alileta chetezo kikubwa chenye makaa mekundu, akatia udi na ubani, akakiweka kando ya kitanda ili mzazi apate joto la mgongo. Kisha alifunga mlango na kuziba uwazi wa chini kwa kanga.

"Ubaridi usitoke," alisema. "Umeme ni pesa."

Sasa hebu fikiri. Moto umo ndani, kiyoyozi nacho kimo ndani! Nadhira akiona joto, anabonyeza rimoti. Nyuzi ishirini. Kumi na nane. Kumi na sita. Mashine inahangaika, jasho liko palepale, na uniti za umeme zinayeyuka tu.

Ijumaa baada ya swala, Mazin alikuja na uso umekunjamana.

"Shikamoo, Mama. Umeme umekwisha tena?"

"Marahaba, mwanangu. Umezimika sasa hivi."

"Jamani! Nimeuweka juzi tu! Nani anautumia? Mnawagawia majirani?"

"Unanifanya mimi mwizi, Mazin? Ndani ya nyumba yangu?"

Nadhira aliwasikia akiwa chumbani. Alitaka kuwaambia wanyamaze. Kichwa kilikuwa kinamgonga tangu asubuhi. Akamtazama mtoto. Alikuwa amelala mno. Muda wa kunyonya ulikuwa umepita, na hakulia. Akamgusa shavu. Hakushtuka. Akampa ziwa. Mdomo haukushika.

Nadhira aliinuka. Kizunguzungu kikamrudisha kitandani. 

"Mama!" aliita. Sauti haikuvuka mlango. Huko nje wenzake walikuwa bado wanafokeana.

"Hodi hapa!"

Alikuwa Somoe, jirani yao, mhudumu wa afya wa mtaa. Alikuja kumjulia hali mzazi. Alisukuma mlango wa chumba, akarudi nyuma.

"Yarabi! Makaa ndani, na madirisha yamefungwa? Nadhira, toka! Mchukue mtoto, nenda uani!"

Bi Zeyana akasimama mlangoni, mikono ameitandaza.

"Hatoki! Arobaini haijaisha. Unataka kuniulia mwanangu kwa upepo?"

"Bi Zeyana, kinachowaua kimo humo ndani!"

Nadhira alimtazama mama yake. Tangu utoto hakuwahi kumbishia.

"Mama, mtoto wangu hanyonyi," alisema. "Nipishe."

Akampita kwa bega, mtoto kifuani, nusura aanguke. Mazin akamdaka.

Uani, Somoe alimlegeza mtoto nguo, akamsugua nyayo. Kimya. Akasugua tena. Mazin alisoma dua. Mara mtoto akakunja uso, akaangua kilio. Loo, kilio kitamu kile! Lakini hawakungoja. Bajaji ikawakimbiza hospitali, mama na mwana wakawekewa oksijeni, wakalazwa.

Waliporudi salama, Somoe aliwakalisha wote.

"Makaa yanatoa hewa ya sumu," alisema. "Haina rangi, haina harufu. Inaanza na maumivu ya kichwa, kizunguzungu, usingizi. Ukichelewa, unakufa."

"Lakini kiyoyozi si kinaleta hewa safi?" Mazin aliuliza.

"Hapana. Hiki chenu kinazungusha hewa ileile ya chumbani na kuipoza. Na ule moto ndio mwizi wa umeme wako. Mnapasha chumba joto na kukipoza papo hapo. Mashine itapumzika saa ngapi?"

Mazin akainamisha kichwa. "Mama, nisamehe. Nimekutuhumu bure."

Bi Zeyana aliinuka. Alikichukua chetezo, akakipeleka uani mwenyewe. Ubani ukawa unafukizwa huko, mbali na madirisha. Alfajiri na jioni walifungua madirisha, mtoto yumo ndani ya chandarua. Mchana walishusha pazia zito upande wa jua, na Mazin akatundika makuti nje kulikinga dirisha lile. Feni ndiyo iliyofanya kazi kubwa. Kiyoyozi kiliwashwa saa za joto kali tu, kwenye ishirini na sita, mlango na madirisha yamefungwa. Chujio lake nalo likaoshwa. Vumbi lililotoka humo, usiseme!

Mwezi ulipokwisha, uniti zilikuwa zimebaki. Mazin hakuamini. Aliitazama mita, akarudi kuitazama tena.

"Zipo nyingi," alimwambia mkwewe. "Nikuwashie kiyoyozi kidogo, Mama?"

Bi Zeyana alikuwa amekaa mkekani, karibu kabisa na mtoto. Upepo wa jioni ulikuwa unaingia dirishani.

"Usiwashe," alisema polepole. "Kina kelele. Nataka nimsikie anavyopumua."