Laptopu Iliyokataa Kuwaka Ukweni

Giza lilikuwa linaanza kuingia nilipofika ukweni, Kathiani, laptopu kwapani na bisibisi mfukoni. Nilikuwa nimeifungua mwenyewe nyumbani, mjini Machakos, ili kutoa vumbi kwenye feni. Nilipoifunga, ikakataa kuwaka. Ndani yake mlikuwa na hoja za dhamana ya mteja wangu, Wambua, zilizotakiwa kuwasilishwa jioni hiyo. Bila hizo, angebaki rumande. Mke wangu, Winfred, alikuwa hapo kwao akimuuguza mamake, nami nilikuwa nimeahidi kulala huko.

Mlango ulikuwa wazi. Nikabisha.

"Karibu, mkwe," sauti ya mama ikanong'ona kutoka gizani jikoni.

Asiyetoka Ukambani aelewe jambo moja. Kati ya mwanamume na mama mkwe wake kuna nthoni: hawapeani mikono, hawaketi pamoja, hawatazamani usoni. Mimi hudai ushahidi wa kila kitu, lakini nthoni sikuwahi kuidai ushahidi. Niliinamisha kichwa, nikapita hadi chumba cha wageni, nikawasha taa na kuketi mezani, mgongo kwa mlango.

Nilichomeka chaja. Kijitaa cha ubavuni kikawaka; umeme, basi, ulikuwa unafika. Nikabonyeza. Kimya. Nikatoa betri, nikashikilia kitufe cha kuwashia, nikairudisha. Kimya. Nikachomoa kipande cha kumbukumbu, RAM, nikakifuta kwa shati, nikakisukuma hadi kikakaa sawasawa.

Nyuma yangu, kigoda kikakwaruza sakafu.

"Bado imekataa?"

"Bado, mama."

"Uliifungua mwenyewe?"

"Mimi mwenyewe."

"Mawakili." Akacheka kwa pumzi tu. "Nyinyi mnajua kufungua. Kufunga mnaachia wengine."

Nilitabasamu. Kisha nikaacha.

Mama mkwe haketi mlangoni pa chumba alimo mkwewe, hata akiwa mgonjwa. Nikapima maelezo mengine: homa, upweke, usahaulifu. Yote yaliwezekana. Lakini harufu iliyonifikia haikuwa ya moshi wala ya chakula... Ilikuwa ya spiriti, ile wauguzi hupaka kabla ya sindano.

Dirisha lilikuwa na vyuma. Mlango ulikuwa mmoja, naye alikuwa ameuziba. Ili nipite, ningelazimika kumgusa. Ili nimwombe asogee, ningelazimika kumgeukia.

Simu ikatetemeka. Winfred.

"Uko wapi?"

"Niko kwenu. Niko na mama."

"Mama gani? Mama niko naye hapa hospitali tangu mchana. Hana fahamu. Hukuona ujumbe wangu?"

"Ni nani huyo?" sauti ikauliza mlangoni.

Nikateremsha simu. "Ni... Winfred, mama."

"Mwambie narudi sasa hivi," ikasema sauti ile ya mlangoni.

Simu ikakatika.

Nthoni ilinikataza kumgeukia. Kuhusu kioo, nilijiambia, haikusema lolote. Nikainua macho kwenye skrini iliyozimika. Nikaona taa. Nikaona paji la uso wangu. Nikaona mlango, na kigoda.

Kigoda kilikuwa kitupu.

Uso wake ulikuwa juu ya bega langu.

Midomo yake haikusogea. Sauti ilitoka kule kule mlangoni: "Jaribu tena, mkwe."

Kidole changu kilikuwa tayari kwenye kitufe. Jioni nzima nilikuwa nimeomba iwake. Sasa niliomba isiwake.

Feni ikavuma.

Skrini ikawa nyeupe, kioo kikapotea, na sikujua tena alikuwa wapi.

Kigoda kikakwaruza sakafu. Karibu.

Sikugeuka. Nilituma hoja za Wambua, kwa kuwa sikuwa na pengine pa kuweka macho. Kisha nikaendelea kuutazama ule mwanga, ubavu mmoja ukiingiwa na baridi, hadi jirani, Nzilani, aliyeombwa na Winfred aje kunitazama, akaingia na tochi. Hakukuta mtu mwingine. Alikuta kigoda kando ya kiti changu.

Wambua alipewa dhamana. Mama mkwe alizinduka. Nami nilijijengea maelezo: uchovu, mwanga hafifu, na huenda nilikisogeza kigoda mwenyewe. Mahakamani yangetosha.

Kuhusu skrini sikuwa nimemwambia mtu yeyote.

Siku iliyofuata Winfred aliniletea ujumbe kutoka kitandani kwa mamake, maana mama mkwe hanitumii neno ila kupitia bintiye.

"Anasema hana ubaya na wewe," alisema, akinitazama kwa mashaka. "Ila anauliza: mkwe wangu alidhani kumtazama mtu kwenye kioo si kumtazama?"