Kahawa ya Dinda

Kila Jumamosi asubuhi, kabla sijagusa ufagio wa saluni, nilimbusu Dinda mkono.

"Dinda, nibariki."

"Mungu akubariki, binti yangu."

Ndivyo tulivyolelewa hapa Feira de Santana, Brazili. Dinda, yaani mama wa ubatizo, huombwa baraka kwanza, salamu nyingine baadaye. Dinda Edileuza ndiye aliyenibeba siku ya ubatizo wangu, na mama yangu alikuwa msusi katika saluni yake.

Juni ile wasichana walijaa, kila mmoja akitaka nywele zilizonyooka kwa ngoma za sikukuu ya Mtakatifu Yohane. Mama aliwapaka krimu, kisha akapitisha pasi ya nywele. Moshi mkali ulipanda, macho yakatuwasha, naye akakohoa. Kila moshi ulipoanza, Dinda alichukua kikombe akatoka kibarazani. Tulimtania kwamba kahawa itamtia wazimu.

Shuleni, Kauany wa darasa letu akanichokoza. "Krimu ya Dinda wako ina formalini, ile dawa ya kuhifadhia maiti! Unadhani mama yako anakohoa bure?"

"Mwongo wewe! Chupa imeandikwa haina formalini."

"Hata mimi naweza kujiandika malkia!"

Nilipandwa na hasira. Jumamosi iliyofuata nilichota krimu kidogo, na Jumatatu nikampelekea Mwalimu Valdemir wa sayansi. "Ipime mbele ya wote, mwalimu, wanyamaze."

Mwalimu alitia dawa ya kupimia formalini katika maji matupu. Hayakubadilika. Kisha akaitia katika maji yenye krimu yangu, yakageuka zambarau.

"Labda umekosea, mwalimu."

Akapima tena, na tena. Zambarau ileile. Hata Kauany hakucheka.

Kengele ilipolia nilikimbia moja kwa moja hadi saluni. Mama alikuwa ndani ya moshi. Dinda alikuwa kibarazani na kikombe chake.

"Dinda, krimu ina formalini! Tumeipima shuleni."

Nilitaka ashtuke. Nilitaka aseme naye kadanganywa na waliomuuzia. Badala yake alinikazia macho.

"Nani kakutuma kupima vitu vyangu? Bila hiyo nywele hazinyooki, mtoto. Naitia kidogo tu."

Mama alikuwa ametoka, pasi bado mkononi. Alimtazama Dinda, kisha akatazama kikombe. Kilikuwa kikavu, hakina hata tone.

"Kumbe hukuwa unafuata kahawa, Edileuza," alisema.

Niliumia moyo kuliko siku yoyote maishani mwangu. Mkono niliokuwa nikiubusu ndio uliokuwa ukimtilia mama yangu sumu.

Mama aliacha kazi siku hiyohiyo. Yeye na mwalimu wakatoa taarifa kwa wakaguzi wa afya, nao wakachukua chupa zote na kuifunga saluni. Mama alitibiwa zahanatini. Sasa anasuka nywele barazani kwetu, na kikohozi kimepungua. Mimi nilicheza ngoma na nywele zangu za kuzaliwa.

Mwezi Agosti Dinda alipita kwetu, akaninyooshea mkono. Nilimgeukia Mama.

"Mwombe baraka, ni za Mungu," Mama alisema. "Lakini kumpenda mtu kusikuzuie kupima anachokupa. Mimi sikuuliza, nikakohoa miaka mitatu. Anayekupenda hakuachi kwenye moshi, yeye akatoka nje."

Niliomba baraka. Mkono sikuubusu.