Bucha la Nyanya

Kila siku akitoka shule, Chiriku alifua soksi zake, akazianika, kisha akavuka ua kwenda kufagia karakana ya marehemu babu yake. Jina hilo la Chiriku alibandikwa na babu mwenyewe, kwa kuwa tangu alipojifunza kusema hakuwahi kunyamaza. Babu alikuwa mchora mabango. Duka la dawa, saluni, gereji, hata lango la shule ya Chiriku, yote yalikuwa na maandishi ya mkono wake. Sasa baba yake mdogo ndiye aliyeshika brashi.

Jumatatu moja bibi alimkuta akifagia.

"Mke mwenzangu," alimwita, maana ndivyo alivyozoea kumtania, "Jumamosi unatimia mwaka tangu mume wetu atuage. Nimewaalika ndugu na majirani tumkumbuke. Nataka wewe utusomee habari za maisha yake."

"Mimi tena, bibi?"

"Nani mwingine ana mdomo kama wako? Lakini usiandike ya kichwani. Zunguka mtaani, uwaulize waliomjua."

"Hilo tu? Lihesabu limekwisha!"

Jumanne wenzake walikuwa wakiruka kamba, naye akaruka. Jumatano mvua ilinyesha. Alhamisi aliahirisha hadi Ijumaa, na Ijumaa akasema kesho si mbali. Jumamosi, viti vikipangwa uani, Chiriku alijifungia chumbani na kalamu, akajaza ukurasa mzima kwa nusu saa. Alipokosa la kuandika, alitunga. Na alipotunga, alinogewa.

Mchana ua ulijaa watu. Chiriku alipanda juu ya kreti, akakohoa kidogo, akaanza kusoma kwa sauti ya kengele.

"Babu yangu alianza kuandika akiwa na miaka mitatu. Wafalme wa nchi za mbali walimwandikia barua wakimwomba awachoree mabango."

Wageni walitazamana. Baba mdogo aliinama, akajikuna kisogo. Chiriku hakuona. Aliongeza sauti.

"Na katika maisha yake yote, babu hakuwahi kukosea hata neno moja!"

Kwenye safu ya mbele, mwenye bucha, mzee mnene aliyekuwa akinywa chai, alipaliwa. Alikohoa hadi machozi yakamtoka, baba mdogo akimpigapiga mgongoni. Alipopata pumzi, akaangua kicheko, na ua mzima ukacheka naye. Chiriku alisimama pale juu kama aliyemwagiwa maji ya baridi.

"Samahani, mjukuu wangu," alisema mwenye bucha akijifuta macho. "Hilo la kutokosea, uliambiwa na nani?"

Uongo mwingine ulikuwa tayari mdomoni. Angesema aliambiwa na baba mdogo, na baba mdogo, kwa upole wake, asingemwumbua mbele za watu. Lakini alimtazama bibi. Bibi hakuwa amekasirika. Alikuwa akimsubiri tu.

"Sikuambiwa na mtu," Chiriku alisema. "Nimeyatunga asubuhi hii. Sikwenda kumwuliza yeyote."

Kicheko kilikatika. Mwenye bucha akavuta kiti, akamwita akae karibu naye.

"Basi niulize sasa. Nilipofungua bucha, mimi sikujua alifu kwa kijiti. Babu yako akanichorea bango, herufi nyekundu kubwa kama milango. Mteja wa kwanza akaja, akauliza, 'Mbona sioni nyanya?' Wa pili, nyanya. Wa tatu, nyanya! Nikadhani mtaa mzima umekula njama kunitania."

"Asubuhi ile alikuwa ametoka kumwandikia muuza mboga," bibi alidakia. "Mkono ulikuwa buchani, akili imebaki kwenye matenga!"

"Basi akapita na baiskeli yake," mwenye bucha aliendelea. "Akatazama juu, akafunga breki. Angeweza kunyamaza, aje alirekebishe kesho yake alfajiri. Mimi ningejuaje? Lakini alisimama mbele ya wateja wote akasema, 'Jamani, huyu anauza nyama. Mimi ndiye niliyemwandikia BUCHA: NYANYA SAFI. Msimcheke yeye, nichekeni mimi.'"

"Na tulimcheka kweli!" alisema mama wa saluni.

"Akalifuta, akaandika upya palepale. Kisha akaniuliza kwa upole kama ningependa kujua kusoma. Miezi mitatu, kila jioni nikifunga duka, alikuja na chaki, tukaandika sakafuni. Leo nasoma gazeti zima, mjukuu wangu, kwa sababu ya nyanya za babu yako."

Chiriku alicheka huku akifuta machozi. Aligeuza karatasi yake upande usioandikwa kitu.

"Naomba nianze upya. Nani mwingine ana habari za kweli?"

Mikono iliinuka kila upande. Mama wa saluni alisimulia jinsi babu alivyopiga mluzi kila akiwa juu ya ngazi ili wapita njia wajihadhari na rangi, na jinsi siku aliyosahau, tone la kijani lilivyotua kwenye upara wa mwalimu mkuu. Baba mdogo akaeleza jinsi babu alivyomrudisha kupaka bango lilelile mara nne bila kupandisha sauti. Chiriku aliandika hadi vidole vikamuuma, kisha akawasomea yote, na watu wakacheka hadi wakashika mbavu.

Wageni walipoanza kuaga, bibi alimvuta akamkumbatia.

"Leo nimekaa na mume wangu," alisema. "Yule wa kuandikiwa barua na wafalme, mimi sikuolewa naye. Ukimpenda mtu, mjukuu wangu, utafute ukweli wake hata kama miguu itachoka. Sifa za uongo humfukuza mtu kwenye kumbukumbu za waliompenda. Na ukikosea, sema mapema, kisha urekebishe."

"Nimekuaibisha, bibi?"

"Uliposoma, kidogo," bibi alisema akitabasamu. "Lakini uliposema mbele ya watu wote kwamba umekosea, hapo nilimwona babu yako amesimama."